Kelementina Hakuimba

Okot p'Bitek alimpa Lawino wimbo mwaka 1966, na mwaka 1970 akampa Ocol wimbo wa kumjibu. Kelementina, aliyesimangwa kwa poda yake, midomo yake na wigi lake, hakupewa wake. Pengo hilo ndilo ninalotaka kulizungumza, kwani Wimbo wa Lawino, uliotiwa katika Kiswahili na Paul Sozigwa mwaka 1975, umezoeleka kusomeshwa kana kwamba ni hukumu, ilhali ni mashitaka.

Lawino ni mke aliyeletewa mwenzake. Anapodai kuwa wigi ni nywele za maiti wa Kizungu na kulivaa ni uchawi, tunacheka, maana ulimi wake ni upanga. Lakini upanga huo umenolewa kwa wivu, na mwenyewe anaukiri. Hoja yake yenye nguvu ni nyingine: kwamba kila watu wana nywele zao na namna yao ya kuzitengeneza, na aibu ni kuikimbia asili yako.

Hoja hiyo iliwahi kushika fimbo. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU uliazimia kupiga marufuku sketi fupi, mawigi, dawa za kujichubua na suruali za kubana, kuanzia tarehe 1 Januari 1969. Hata siku hiyo haijafika, wasichana walikwisha kushambuliwa katika mitaa ya Dar es Salaam. Sisemi kwamba Okot aliwatuma vijana wale. Nasema kwamba kejeli ya mke mwenza, ikitolewa kinywani mwake na kutiwa mikononi mwa umati, haiwi ushairi tena.

Sasa tuichukue hoja ya asili tuipeleke Ifakara. Katika bonde la Kilombero wamekutana Wandamba, Wapogoro, Wambunga na Wabena. Wakaja wafugaji wa Kisukuma na mifugo yao, na reli ya TAZARA ikaleta wengine. Watoto wao huketi darasa moja, vichwa vimenyolewa kwa kanuni ya shule. Mwalimu awaulize: nywele za asili yetu ni zipi? Hapo wimbo utaanza kusomwa.

Kisha awape kazi ya mikono. Ukindu wanaosukia mikeka uko karibu nao. Watengeneze mawigi matatu: la bwana mkubwa wa Misri ya kale, aliyenyoa kichwa kama wao kisha akavaa nywele za kutengenezwa, la jaji, lile ambalo Kenya Jaji Mkuu Willy Mutunga aliliondoa mahakamani mwaka 2011, na la Kelementina. Kila mmoja avae, apite mbele ya wenzake, nao waandike walichokihisi. Nadhani wataona mapema kwamba la kwanza huitwa ustaarabu, la pili huitwa heshima, na la tatu peke yake ndilo huitwa kujikana. Nywele zote tatu si za mvaaji. Kilichobadilika ni nani aliyezivaa.

Mwisho wamwandikie Kelementina wimbo wake. Wa kuanzia, natoa ubeti huu:

Wigi nimelinunua, sikuliiba jamani,
Mwacheka bila tambua, yaliyonipata ndani,
Homa ilinichukua, na nywele zangu kichwani,
Lawino ungelijua, ungelimcheka nani?

Sisi wa visiwani tusidhani kwamba jambo hili ni la bara. Malenga wetu wamesifu nywele za singa hadi mwenye kipilipili akajiona hana nywele. Hata Mwana Kupona, katika utendi wake wa mwaka 1858, anamhimiza bintiye atunze nywele na kujipamba kwa asumini. Mwanamke kujipamba si jambo geni kwetu. Tunachobishania ni nani mwenye ruhusa ya kumchagulia pambo.

Mwaka 2019 serikali ilitangaza ushuru wa asilimia 25 kwa mawigi ya kutoka nje na asilimia 10 kwa yanayotengenezwa nchini. Kwa mara nyingine wigi lilijadiliwa na wengi, na aliyelivaa alisikika kidogo. Lawino ni mwimbaji mkubwa, na simwondolei sifa yake. Nataka tu, wimbo wake ukisha, darasa lisifunge vitabu. Kuna mwanamke mmoja bado hajasema.