Sifa za Mshonaji wa Suti ya Kuzamia

Upande wa Atlantiki wa Cape Town, kiangazi ndicho kipindi cha maji baridi. Upepo wa kusini-mashariki ukivuma, huyapeleka maji ya juu bahari kuu, na ya kilindini hupanda kushika nafasi yake. Watu wanaota jua ufukweni, na mzamiaji aliye hatua chache kutoka kwao anaingia katika nyuzijoto 10 au 12. Maji hupitisha joto karibu mara 25 zaidi ya hewa. Anayetaka kukaa katika ile misitu ya mwani mkubwa na kuifaidi yuko mikononi mwa fundi wa mkasi, gundi na futi ya kupimia.

Wengi hudhani suti ya kuzamia anayoishona huzuia maji. Haizuii. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Hugh Bradner, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, aling'amua kwamba mtu anaweza kulowa na bado joto lake likabaki, kwa sababu kinacholihifadhi ni vipovu vya gesi vilivyomo ndani ya mpira wa neoprini. Maji machache yaliyopenya yakitulia, mwili huyapasha moto mara moja. Yakipata njia ya kutoka, mwili huwa unaipasha moto bahari.

Ndiyo maana namtanguliza fundi mbele ya unene. Milimita 7 zinazopwaya kiunoni hazizifikii milimita 5 zilizokukaa sawasawa. Fundi hodari hupima shingo, kifua, paja, hata kifundo cha mguu, kisha hurudi mgongoni, pale panapobonyea juu ya makalio, maana hapo ndipo maji hupenda kujikusanya. Halafu utazame mshono wake! Kingo mbili za mpira hugandishwa kwa gundi kwanza. Kisha sindano iliyopinda huzama nusu ya unene na kuibukia upande uleule ilikoingilia. Pindua suti uikague kwa ndani: hakuna tundu. Kazi hiyo inahitaji mkono mtulivu, nami naiheshimu kama ninavyoiheshimu darizi nzuri ya kofia.

Kuna jambo ambalo fundi halishindi. Kwenye kina cha mita 30 shinikizo ni mara nne ya lile la juu, vipovu husinyaa, na suti huwa nyembamba huko huko ambako baridi ni kali. Hapo hukabiliana nalo kwa tabaka la pili kifuani na kofia inayofunika shingo. Na kwa maji kama ya Silfra, Iceland, yenye nyuzijoto 2 hadi 4, fundi mkweli atakuambia utafute suti kavu, ile isiyoingiza maji kabisa.

Ukienda kununua, usiridhike na kioo. Chuchumaa, inua mikono, jaza pumzi kifuani, kisha mwombe mwenzako ajaribu kupenyeza kiganja kati ya suti na mgongo wako. Kikipita, irudishe, hata kama bei imepunguzwa nusu.