Kulisoma Tundu Kabla ya Kununua Tairi

Mpanda baiskeli aliyechoshwa na pancha aghalabu humwendea mwenye duka na ombi moja tu, nalo ni kupewa tairi gumu kuliko yote yaliyomo. Na ombi hilo, ingawa lina udhuru wake, halijakamilika, kwa kuwa hakuna tairi lililo gumu dhidi ya kila kitu, na kinga izuiayo kigae cha chupa siyo izuiayo mwiba wa mbigili, wala zote mbili hazifui dafu pale ukingo wa shimo unapoibana tyubu juu ya ringi. Kwa hiyo, kabla ya kutoa fedha, yafaa kwanza kumjua adui, na adui hujulikana kwa tundu alilolitoboa.

Mafundi waangalifu, wakivalisha tairi jipya, hulizungusha mpaka nembo iliyo ubavuni ikae sawasawa na valvu, na jambo hilo si pambo bali ni alama ya kupimia. Siku pancha itakapotokea, tyubu hutolewa na kujazwa upepo, tundu likatafutwa kwa sikio au kwa maji, umbali wake kutoka kwenye valvu ukapimwa kwa shubiri, kisha shubiri zilezile zikahesabiwa juu ya tairi kuanzia kwenye nembo. Hapo ndipo aliyetoboa atafutwapo, na ikiwa jicho halimwoni, kitonge cha pamba kipitishwacho taratibu upande wa ndani wa tairi kitanasa kwenye ncha iliyojificha. Mara nyingi ncha hiyo ni kiwaya cha chuma, chembamba na kifupi, kilichobaki barabarani baada ya tairi la lori kupasuka. Na katika njia kuu zipitazo malori mengi, mathalan ile itokayo Mombasa kwenda Nairobi, viwaya hivi hulala ukingoni mwa lami, palepale mwendesha baiskeli anaposukumwa na magari. Asiyekiona kiwaya akaziba tundu na kurudisha tyubu, atasimama tena mwendo mfupi mbele, naye atalilaumu tairi lisilo na kosa.

Ama yakionekana matundu mawili yaliyo sambamba, kama alama za meno ya nyoka, hapo hapana mwiba wala kigae cha kutafutwa. Tyubu imebanwa baina ya ringi na jiwe, kwa sababu upepo ulikuwa haba au tairi lilikuwa jembamba mno kwa barabara ile, na tabaka la kinga, liwe imara vipi, halitaliponya jeraha la aina hiyo. Dawa yake ni upana. Waendesha baiskeli wa shindano la Paris–Roubaix, lililoanza mwaka 1896 na linalopita juu ya mawe yaliyotandazwa katika njia za kaskazini ya Ufaransa, siku hizi hutumia matairi ya milimita 30 na zaidi, ilhali matairi ya mbio zamani yalikuwa membamba kuliko hayo kwa mbali. Mnunuzi na asome namba zilizochapwa ubavuni: 25-622, 28-622 au 32-622, ambapo namba ya kwanza ni upana na ya pili ni kipenyo cha pale tairi linapokaa katika ringi, zote kwa milimita, kisha apime nafasi iliyopo kwenye foko na kwenye breki, maana baiskeli nyingi za mbio za zamani hazikubali zaidi ya 25 au 28.

Sasa tuje kwenye kinga yenyewe, ambayo ndiyo kiini cha shauri hili. Chini ya mpira unaogusa lami, watengenezaji huweka tabaka la nyuzi ngumu zilizofumwa: Continental wa Ujerumani wametia nyuzi za Vectran katika tairi lao la mbio la Grand Prix 5000, na katika Gatorskin, lililokusudiwa safari za kila siku, wametia tabaka waliloliita PolyX pamoja na kitambaa cha kulinda mbavu. Kigae cha chupa hukata kwa makali yake, na nyuzi za namna hii zimefanywa hasa kuyashinda makali. Lakini kiwaya hakikati. Kinatafuta upenyo baina ya uzi na uzi, na kila gurudumu linapozunguka lami hukisukuma ndani kidogo zaidi, hata kikafika kwenye tyubu pasipo kuukata uzi hata mmoja. Dhidi ya adui huyo, na dhidi ya mwiba vilevile, kinachofaa zaidi ni unene: Schwalbe, katika tairi lao la Marathon Plus, wameweka chini ya mpira wa juu tabaka la mpira mnyumbufu lenye unene wa milimita 5, hivyo kwamba ncha iliyo fupi kuliko jumla ya unene huo hukwama njiani, na mpanda baiskeli akafika kwake bila hata kujua kwamba ameichukua.

Gharama ya unene huo ni nzito. Marathon Plus la upana wa milimita 25 lina takriban gramu 600, ilhali Gatorskin la upana huo lina kiasi cha gramu 250. Na uzito wenyewe ni sehemu tu ya gharama, kwa sababu mpira, kila unapobonyea na kujikunjua chini ya gurudumu, haurudishi nguvu yote uliyopewa, bali sehemu yake hupotea ikawa joto, na kadiri mpira ulivyo mnene ndivyo miguu inavyolipa zaidi. Kwa maoni yangu, aendaye kazini kila siku kwa njia yenye miiba na viwaya, naye hurejea usiku, asiihofie gharama hiyo hata kidogo. Lakini mwenye safari ndefu juu ya lami safi atafaidika zaidi na tairi la tabaka lililofumwa, lenye upana wa milimita 28 baiskeli yake ikikubali, mradi akumbuke kwamba mpira mgumu udumuo sana aghalabu hushika vibaya lami iliyolowa. Ama kuvaa matairi mepesi kabisa kwa kuwaiga washindani wa mbio za baiskeli za Tour du Rwanda, ambao hufuatwa na gari lenye magurudumu ya akiba, ni kujitafutia taabu.

Ipo pia hadaa ya neno Kevlar, uzi uliovumbuliwa na Stephanie Kwolek katika kampuni ya DuPont mwaka 1965. Neno hilo likiandikwa juu ya kisanduku, muulize muuzaji uzi wenyewe uko wapi. Kwa maana katika matairi mengi yanayokunjika umewekwa ukingoni tu, badala ya waya wa chuma, ili kupunguza uzito, na hapo haukingi chochote.

Tairi likishavaliwa, lihudumiwe. Kigae hakitoboi siku ileile sikuzote. Hukaa katika mpira siku kadhaa kikizama, hasa nyakati za masika, kwa kuwa mpira uliolowa hukatika upesi, na anayelikagua tairi lake kila juma na kuving'oa vigae kwa ncha ya kisu atajiepusha na pancha nyingi. Tairi la nyuma, libebalo uzito mkubwa na kusukuma baiskeli, huota kipara mapema. Likishaisha, lile la mbele lihamishwe nyuma, na jipya livalishwe mbele, kwa sababu tairi la mbele likipasuka katika mteremko ni vigumu mno kuiongoza baiskeli.