Nani Anatibiwa? Mwaka Kogwa na Fomula ya Vitu Vinne

Utangulizi

Mwanafunzi yeyote wa fasihi aliyekwishakalia mtihani wa sanaa za maonyesho anaijua fomula ya vitu vinne. Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, katika Fasihi na Sanaa za Maonyesho (1976), wanatueleza kwamba ili tendo lihesabiwe kuwa sanaa ya maonyesho sharti pawepo dhana inayotendeka, mtendaji, uwanja wa kutendea na watazamaji. Fomula hii imetufaa sana. Ndiyo iliyotupa la kuwajibu wale waliodai kuwa Mwafrika hakuwa na maigizo mpaka alipoletewa Shakespeare shuleni. Tuliwaonyesha ngoma, jando, unyago na matambiko, tukahesabu: moja, mbili, tatu, nne. Vyote vipo. Kesi imekwisha.

Sasa hebu tujiulize swali dogo tu. Katika tendo la kuponya au kutakasa, watazamaji ni akina nani? Makala haya yanadai kwamba tendo la namna hiyo, likifanywa kwa ukamilifu wake, halina watazamaji hata kidogo. Na kama hivyo ndivyo, basi ama tendo hilo si sanaa ya maonyesho, jambo ambalo sidhani kama kuna mtu hapa atalikubali, ama fomula yetu ina kasoro. Mfano nitakaoutumia ni Mwaka Kogwa wa Makunduchi, kusini mwa Unguja. Kisha nitaulinganisha na tamthilia ya Mashetani ya Ebrahim Hussein (1971), kwani tamthilia hiyo inaonyesha ni wapi tiba ya aina hii inakwama.

Tukio lenyewe

Mwaka Kogwa ni sherehe ya mwaka mpya wa jua, mwaka wa Nairuzi, ambao asili yake ni Uajemi. Una siku 365 kamili: miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano za ziada. Kwa miongo hiyo wakulima na wavuvi wa mwambao walijua lini wapande na lini bahari itachafuka. Kwa kuwa mwaka huo hauna siku ya nyongeza kila baada ya miaka minne, unarudi nyuma taratibu ukilinganishwa na kalenda ya ofisini. Ndiyo maana vitabu vya karne ya 19 vinaiweka siku ya mwaka mwezi Agosti, hali siku hizi Makunduchi wanasherehekea Julai, wakati wa kusi.

Mambo yanayofanyika yanajulikana. Wanaume wa pande mbili, Kusini na Kaskazini, wanapambana kwa mashina na makuti ya migomba. Wanachapana kwelikweli, si mzaha. Wakati huo wanawake, wamevaa nguo zao nzuri, wanapita wakiimba, na katika nyimbo hizo hakuna anayehurumiwa: mapenzi, visa vya mitaani, kejeli, yote yanasemwa hadharani. Kisha kibanda cha makuti kinachomwa moto. Mtu aliyemo ndani anatoka mbio, na watu wanaangalia moshi unaelekea wapi ili wajue mwaka umekuja na nini. Baada ya hapo ni kula, ngoma na kutembeleana, na sherehe huchukua siku nne. Kwingine katika mwambao siku hiyo ilikuwa na sura nyingine. Watu walikwenda kuoga baharini alfajiri, na Mombasa na Lamu ilijulikana desturi ya kumzungusha ng'ombe mjini kabla ya kumchinja.

Hebu tulitazame jina lenyewe. Kogwa ni umbo la kutendwa la koga, yaani kuoga. Mtu hakogi katika mwaka. Anaukoga mwaka, na mwaka unakogwa. Anayeogeshwa hapa ni wakati wenyewe, kana kwamba mwaka nao hushika taka kama mwili: ugomvi wa mipaka ya mashamba, maneno yaliyosemwa kisimani, deni lisilolipwa, husuda. Taka hizo hazioshwi na mtu mmoja mmoja bafuni kwake. Zinaoshwa na mji mzima kwa siku moja.

Fomula inavyokwama

Mhakiki akifika na fomula yake ataanza vizuri. Dhana inayotendeka ipo: mwaka wa zamani unatolewa, mpya unaingizwa. Uwanja upo. Watendaji wapo, tena wengi. Haya, watazamaji? Atasema ni wanawake, maana wamesimama kando wakati wanaume wanapigana. Lakini wanawake wanaimba, na bila nyimbo zao pambano lingekuwa fujo tupu. Wanaume wanatoa ugomvi kwa mkono na wanawake wanautoa kwa ulimi. Basi atasema ni watoto na wazee. Lakini mzee anayeutazama moshi hautazami kama sisi tunavyotazama sinema. Moshi ule unamhusu yeye. Anasomewa cheti chake.

Hapa ndipo tofauti ilipo. Mtazamaji wa jukwaani anaweza kutoka nje katikati ya onyesho, asiathirike na tamthilia isiathirike. Katika tiba, aliyepo ni mgonjwa au mganga, na mara nyingi ni vyote viwili. Katika ngoma za pepo pia ni hivyo. Mwele anakaa katikati, fundi anaongoza, lakini wale wanaoitikia wimbo hawapo pale kwa kuburudika. Pepo anaweza kumpanda hata aliyekuja kusindikiza. Kuitikia ni sehemu ya dawa.

Mulokozi, katika Mulika namba 21 (1989), alitusogeza mbele aliposisitiza kuwa fasihi simulizi ni tukio, na kwamba fanani, hadhira, fani, mahali na wakati vyote hutegemeana katika tukio hilo. Huo ni msaada mkubwa. Hata hivyo, fanani na hadhira bado wamekaa katika safu mbili. Kwa tendo la kutakasa ninapendekeza swali litangulie kuulizwa kabla ya kugawa safu hizo: nani anatibiwa? Jibu likiwa ni mtu mmoja, tuna aina moja ya tendo. Likiwa ni wote waliopo, tuna aina nyingine, na neno hadhira halina kazi pale.

Je, si kasumba tu?

Najua kuna wenzangu watakaoguna. Watasema: ndugu, hii ni kasumba. Watu wanachapana migomba, wanatukanana, wanakula wali, halafu kesho mwenye shamba kubwa bado ana shamba kubwa na asiye na kitu bado hana kitu. Kutakasa hasira ni njia ya kuizuia hasira isifanye kazi yake. Wapo pia masheikh wanaoipinga sherehe hii kwa sababu zao, ingawa wanaoifanya ni Waislamu.

Hoja ya kwanza ni nzito, na hapa ndipo Mashetani inapotufaa. Vijana wawili marafiki, Juma na Kitaru, wanacheza mchezo wao penye mbuyu. Mmoja anakuwa Shetani na mwingine Binadamu. Kwa umbo, mchezo huu ni ndugu wa pambano la Makunduchi. Kuna pande mbili, kuna mahali maalumu penye kutisha kidogo, na kuna jambo lililofichika linalotafuta kutoka kwa njia ya igizo. Tungetegemea wakimaliza watoke wepesi. Lakini wapi! Kitaru anaugua, na ugonjwa wenyewe si wa mwili. Mchezo umefukua taka bila kuziosha.

Kwa nini? Kwa sababu kilicho kati ya Juma na Kitaru si ugomvi wa majirani. Familia ya Juma imepoteza mali na hadhi iliyokuwa nayo kabla ya Mapinduzi ya 1964. Familia ya Kitaru inapanda. Katikati yao umekaa mfumo mzima wa umilikaji, na urafiki hauwezi kuufuta kwa igizo la vijana wawili. Watu wa Kusini na wa Kaskazini ya Makunduchi wanaweza kuchapana asubuhi na kula pamoja mchana kwa kuwa wanarudi katika mji mmoja, ambao wote wana haki nao. Juma na Kitaru hawana pa kurudi pamoja.

Basi jibu langu kwa wenye kuguna ni hili. Kutakasa ni dawa ya kweli, lakini ina ugonjwa wake. Inaponya uhasama wa watu wanaogawana kitu kimoja. Haiponyi unyonyaji. Hussein hakuidharau tiba hiyo. Aliichukulia kwa uzito kiasi cha kutuonyesha mipaka yake, na ndiyo maana hakutupa mwisho wa kupoza. Tamthilia zetu ngapi zinaleta mganga jukwaani na usinga wake, ngoma inalia, moshi unafuka, na mwisho kijiji kizima kinapona pamoja na tajiri aliyekinyonya? Hizo zinaazima vifaa vya tiba bila kuuliza mgonjwa anaumwa nini.

Mgeni na mtazamaji

Kuna jambo jingine ambalo haliwezi kuachwa. Siku hizi Mwaka Kogwa umo katika vitabu vya watalii, kamera zinasongamana uwanjani, na viongozi wa Serikali hualikwa. Wengi wetu tunakimbilia kusema: imekwisha, imeuzwa. Mimi ningekwenda taratibu zaidi. Desturi yenyewe ina nafasi ya mgeni. Inaaminiwa kuwa ni vyema kila nyumba ipate mgeni siku hiyo, na nyumba isiyo na mgeni haihesabiwi kuwa na heri. Kwa hiyo mtu wa nje si uchafu. Tangu zamani amekuwa sehemu ya dawa.

Lakini mgeni ana kazi. Anaingia ndani, anakula, anatoa salamu na kuombewa heri. Mtazamaji hana kazi isipokuwa kutazama. Hatari basi haiko katika rangi ya mtu wala pasipoti yake. Hatari inakuja pale mji unapoanza kuchoma kibanda kwa saa inayompendeza mwenye kamera, kwa maana hapo moshi haumsomei mtu yeyote. Siku hiyo fomula ya vitu vinne itatimia barabara: dhana, watendaji, uwanja, watazamaji. Tutakuwa tumepata sanaa ya maonyesho iliyokamilika kitabuni, na mwaka utakuwa haujakogwa.

Hitimisho

Sisemi tuitupe kazi ya Muhando na Balisidya. Waliiandika wakati kulikuwa na vita vya kupiganwa, na walivipigana. Ninachosema ni kwamba matendo ya uponyaji na utakaso yanadai kipimo kingine, na kipimo hicho kinatugusa hata sisi tunaokwenda uwandani kukusanya fasihi simulizi. Tunafika na kinasa sauti, tunarekodi wimbo wa kejeli, tunaandika pembeni "maigizo", tunapanda gari kurudi chuoni. Tukiulizwa tulikula nyumba gani, hatuna jibu. Kwa kipimo cha Makunduchi hatukuwa wageni, na data tuliyorudi nayo ni ya watu waliosimama nje ya tendo. Walimu wetu wanaosimamia kazi za uwandani wangefanya vyema kuliongeza swali hilo katika hojaji: nani alitibiwa, na wewe uliyekuwapo ulikuwa nani?