Jedwali la Mistari Mitatu

Ripoti ya mwaka ya Apple iliyowasilishwa kwa wasimamizi wa masoko ya mitaji ya Marekani tarehe 1 Novemba 2024 ina kurasa zaidi ya mia. Dada ninayetaka kumzungumzia alichapa mmoja tu. Ofisini kwao, katikati ya jiji la Dar es Salaam, wenzake wote husoma kwenye skrini. Yeye huweka karatasi mezani, huipapasa kama seremala anavyopapasa ubao kabla ya kushika randa, kisha huchonga penseli. Ukurasa ule ulikuwa na majedwali mawili madogo. La juu lilikuwa la mauzo kwa nchi, la chini la mali za kudumu kwa nchi, yaani majengo, mitambo, kompyuta na vifaa. Kila moja lilikuwa na mistari mitatu: Marekani, China, na nchi nyingine zote zilizobaki duniani.

Nilikuwa nimemfuata kwa jambo jingine kabisa. Nikakaa mpaka taa za barabarani zikawaka.

Ukiieleza harakaharaka, kazi yake inafanana na hesabu ya darasa la saba. Unataka kujua kampuni inaitumia mali yake vizuri kiasi gani katika kila pembe ya dunia. Unachukua mauzo ya mahali, unayagawanya kwa mali iliyopo mahali hapo, na jibu linakuonyesha kila dola iliyofungiwa kwenye jengo au mtambo imeleta dola ngapi za mauzo kwa mwaka. Wahasibu wanaiita hesabu hii mzunguko wa mali. Mama lishe anaujua hata kama hana jina lake, maana sufuria linaloinjikwa mara tatu kwa siku si sawa na linaloinjikwa mara moja, ingawa dukani yalinunuliwa kwa bei ile ile.

Basi akagawanya. Marekani, mauzo ya dola bilioni 142.2 kwa mali za bilioni 35.7: karibu mara 4. China, bilioni 66.95 kwa bilioni 4.8: mara 14. Nchi nyingine, bilioni 181.9 kwa bilioni 5.2: mara 34.9. Ilimchukua dakika moja. Mwenye haraka zake angeishia hapo, angeandika kwamba Apple ina ufanisi karibu mara tisa zaidi nje ya Marekani na China kuliko nyumbani kwake, angechora nguzo tatu za rangi, angekwenda zake kula.

Yeye aliyaandika majibu yale pembezoni kwa herufi ndogo, akayazungushia duara.

"Nimeyaandika ili yasinisumbue, kaka," akasema. Akaanza kazi.

Kilichofuata ndicho kilichonikalisha. Alirudi kwenye mstari wa Marekani akaanza kujiuliza, kwa sauti ya chini kama mtu anayehesabu shanga, kitu kimoja kimoja kinafanya kazi kwa niaba ya nani. Pale Cupertino, California, kuna Apple Park, makao makuu yaliyofunguliwa 2017. Kuna vituo vya data Maiden huko North Carolina, Mesa huko Arizona, Prineville huko Oregon, na Reno huko Nevada. Mhandisi anayekaa Cupertino anabuni simu itakayouzwa Chicago, na ndiyo hiyo hiyo itakayouzwa Tokyo na Nairobi. Lakini meza yake, jengo lake na kompyuta yake vyote vimeandikwa kwenye mstari wa Marekani. Ndiyo maana mstari huo umebeba asilimia 78 ya mali zote za kudumu huku ukileta asilimia 36 tu ya mauzo. Kusema Marekani inatumia mali vibaya ni sawa na kulilaumu jiko kwamba halina wateja, wakati wateja wote wamekaa barazani.

Akahamia China. Kwa sehemu kubwa Apple haiendeshi viwanda vyake yenyewe. Simu zake karibu zote huunganishwa na kampuni washirika. Hata hivyo kalibu na mitambo mingi iliyomo ndani ya viwanda hivyo ni mali ya Apple. Ripoti zake za miaka ya nyuma ziliwahi kulisema hilo waziwazi: mali za kudumu zilizopo China ni hasa kalibu na mitambo ya kutengenezea bidhaa, pamoja na maduka. Mtambo wa namna hiyo hauulizi simu inaelekea wapi. Unatoboa, unakata, unang'arisha, na simu inapanda ndege kwenda London au Sydney. Kwa hiyo ukigawanya mauzo ya China kwa mitambo ya China, juu umeweka wanunuzi wa nchi moja na chini umeweka kiwanda cha dunia nzima.

Mstari wa tatu aliupitia upesi kidogo. Una kituo cha data cha Viborg nchini Denmark, una ofisi za Cork, Ireland, ambako Apple imekuwapo tangu 1980, una maduka kadha wa kadha, yakiwemo ya Mumbai na Delhi yaliyofunguliwa Aprili 2023. Ila maduka mengi ni ya kupanga, na haki ya kutumia nyumba ya kupanga haimo katika jedwali hili. Kinachoingia ni ukarabati, yaani vioo, meza za mbao, taa. Nusu ya ule wepesi wa mstari wa tatu, alisema, ni kwamba mwenye nyumba ni mtu mwingine.

Nilimuuliza fundi wa kwanza wa hesabu hizi ni nani. Akanitajia Donaldson Brown, msomi wa uhandisi wa umeme aliyeingia kampuni ya DuPont mwaka 1909 kama muuzaji wa baruti, baadaye akahamishiwa upande wa fedha. DuPont ya wakati ule ilikuwa kampuni ya vilipuzi yenye viwanda vingi visivyofanana, na wakubwa walitaka kujua kipi kinalipa. Brown akaivunja faida ya mtaji vipande viwili: faida unayopata katika kila dola ya mauzo, na mara ambazo kila dola ya mali inazunguka kuwa mauzo. Ukizidisha kimoja kwa kingine unapata kile mwenye mtaji anachokitafuta. Uzuri wake ni kwamba biashara mbili zenye jibu moja zinaweza kuwa zimelifikia kwa njia tofauti: sonara huuza kipande kimoja kwa faida nene, muuza mchicha huuza mafungu mia kwa faida nyembamba.

Dada akataka kuzidisha. Hapo ndipo karatasi ilipogoma.

Sababu ni hii. Apple hutoa faida ya uendeshaji kwa kanda tano: Amerika, Ulaya, China Kuu, Japani, na sehemu iliyobaki ya Asia na Pasifiki. Mali za kudumu inazitoa kwa mistari ile mitatu. Kanuni ya uhasibu ya Marekani ya mwaka 1997 inaitaka kampuni ionyeshe biashara yake kwa mgawanyo ule ule anaoutumia mkuu wake kufanya maamuzi, na kando ya hapo ionyeshe mauzo na mali za nchi yake na za ng'ambo. Mgawanyo mmoja ni wa macho ya bosi, mwingine ni wa ramani, na hakuna aliyeahidi kwamba italingana. Kanuni ya kimataifa ya IFRS 8, inayotumiwa pia na kampuni zilizoorodheshwa Dar es Salaam na Nairobi, imefuata mkondo huo huo. Japani, kwa mfano, ndiyo kanda yenye faida nene kuliko zote, karibu senti 50 katika kila dola ya mauzo, lakini mali zake zimemezwa ndani ya "nchi nyingine" na huwezi kuzichomoa. Alphabet, kampuni mama ya Google, ni bahili zaidi: kwenye mali za kudumu kuna Marekani, na kuna kwingineko. Basi.

Ramani yenyewe ya kanda tano ina vituko vyake. Ulaya ya Apple inajumuisha India, Mashariki ya Kati na Afrika. Simu iliyopita Dubai ikauzwa Kariakoo ni mauzo ya Ulaya. Ile uliyoletewa na binamu kutoka Atlanta ni ya Amerika. Dada alilicheka hilo, kisha akalitia alama. Hajaribu kamwe kuligawanya jina kabla hajajua ndani yake kuna nani.

Penseli yake ikasimama kwenye China. Kule tu majedwali mawili yanakutana, kwa sababu mauzo ya kanda ya China Kuu na mauzo ya nchi ya China ni namba moja, bilioni 66.95, Hong Kong na Taiwan zikiwa ndani ya zote mbili. Faida ya uendeshaji ya kanda ni bilioni 27.1, yaani senti 40 kwa dola. Zidisha kwa mara 14 za mzunguko. Jibu: asilimia 565 kwa mwaka.

Alilitazama kwa muda. Sikumwona akifurahi, wala hakulifuta. Jibu la namna hiyo, alinieleza, ni kama homa. Halikwambii ugonjwa ila linakwambia upo. Faida ya kanda haijabeba gharama za utafiti, ambazo mwaka ule zilikuwa bilioni 31.4 na hazigawiwi kanda yoyote. Mali za chini hazina majengo ya Cupertino yaliyobuni bidhaa, halafu zina mitambo ya watu wengine wote. Kosa la kwanza linakuza jibu, la pili linalikuza pia, la tatu linalipunguza, na hakuna anayejua yamefutana kiasi gani.

Sasa akaandika miaka mitatu kando kwa kando, na hapa naungama kwamba ndipo nilipoanza kumhusudu. Mzunguko wa China: mara 10.2 mwaka 2022, mara 12.6 mwaka 2023, mara 14 mwaka 2024. Mstari unaopanda vizuri kabisa. Chini yake akaandika mauzo: bilioni 74.2, 72.6, 66.95. Yanashuka. Chini tena akaandika mali: bilioni 7.3, 5.8, 4.8. Zinashuka haraka zaidi. Ule "ufanisi" uliokuwa ukipanda ulikuwa nyumba inayohamwa: vyombo vinatoka upesi kuliko wageni, na kila aliyebaki anaonekana kuwa na nafasi.

Hakukubali hata hilo kabla ya kulipima. Mwaka wa fedha wa 2023 wa Apple ulikuwa na wiki 53, wa 2024 ulikuwa na 52. Wiki moja ni kama asilimia 2, na mauzo ya China yalishuka karibu asilimia 8, kwa hiyo kalenda inaeleza robo tu. Halafu uchakavu. Mali zote za kudumu za Apple zilizonunuliwa kwa bilioni 119.1 zilikuwa zimeshapunguzwa bilioni 73.4 vitabuni. Mtambo unaweza kubaki pale pale, ukipiga kazi ile ile, huku thamani yake kwenye daftari ikiyeyuka kila mwaka. Kupungua kwa mali za China kunaweza kuwa kuhama, kunaweza kuwa kuzeeka.

Akaangalia mstari wa tatu. Mali za nchi nyingine zilikuwa bilioni 3.7, zikawa 4.7, zikawa 5.2, na mzunguko wake ukashuka kutoka mara 46 hadi 35. Akajumlisha China na nchi nyingine pamoja, jambo ambalo jedwali halikumwomba. Mali za nje ya Marekani zote: bilioni 11.0, 10.4, 10.0. Mauzo ya nje ya Marekani yote: bilioni 246.5, 244.7, 248.8. Kelele zote za mistari miwili zikatulia. Kwa jumla, ng'ambo haikuwa imebadilika sana. Uzito ulikuwa umesogea kutoka mstari mmoja kwenda wa pili. Kwa yeyote aliyesikia habari za simu kuunganishwa India na vifaa vingine Vietnam, sentensi ya kueleza sababu ilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi. Nikaitamka.

"Ripoti haijasema hivyo," akasema, na akaandika India kwa penseli, akaiwekea alama ya kuuliza mbele.

Mwishowe alichokiandika kwa wino kilikuwa mstari mmoja tu, mauzo ya kampuni nzima kwa mali za kudumu za kampuni nzima: mara 9.4, mara 8.8, mara 8.6. Huo hauna kanda, hauna ramani, na mitambo yote imekutana na wanunuzi wake wote. Unashuka taratibu, hasa kwa sababu mali za Marekani zimepanda kutoka bilioni 31.1 hadi 35.7. Chini yake akaacha majibu ya nchi kwa penseli, kila moja na maelezo yake, na upande wa kulia akachora safu tupu ya mwaka utakaofuata. Kisha akapuliza vumbi la kifutio, akaikunja karatasi mara mbili, akaniuliza nilikuwa nimekuja kwa shida gani.