Kabla ya Kufungua Hedi

Probox iliyosheheni abiria ikichemsha kwenye mlima wa Bugarama, kinacholaumiwa kwanza ni gasketi ya silinda hedi. Gari huburutwa kurudi Bujumbura, huingizwa gereji ya Buyenzi, na mara nyingi bolti za hedi huanza kulegezwa kabla ya kipimo chochote. Huenda gasketi imeungua kweli. Lakini kuchemsha peke yake hakuthibitishi hivyo. Gasketi hii kazi yake ni kutenga vitu vitatu, yaani moto wa silinda, maji na oili, kwa hiyo ushahidi dhidi yake lazima uwe kimoja kati ya hivyo kimekutwa upande kisikostahili. Pasipo ushahidi huo, kufungua hedi ni kubahatisha kwa gharama ya mwenye gari.

Tuutazame mlima wenyewe. Mji uko kando ya Ziwa Tanganyika, mita 775 hivi juu ya usawa wa bahari, na Barabara ya Taifa namba 1 hupanda hadi zaidi ya mita 2,000 katika safari isiyofika kilomita 40. Maji ya wazi huchemka kwa nyuzi 97 hivi mjini, na kwa nyuzi 93 hivi huko juu. Injini nzima hufanya kazi kwenye joto la nyuzi 90 na zaidi, maana yake mlimani maji yake yako ukingoni mwa kuchemka. Kinachoyazuia ni mfuniko wa rejeta: hushikilia presha ya karibu bar 1 na kupandisha kiwango cha kuchemka kupita nyuzi 110. Springi ya mfuniko ikilegea, au mpira wake ukikauka na kupasuka, maji yatachemka na kumwagika hata kama gasketi ni mpya. Rejeta iliyoziba italeta matokeo hayohayo, na rejeta nyingi huziba kwa kutu kwa sababu wenye magari hujaza maji ya bomba wakiamini kwamba kulanti ni ya nchi za barafu. Kulanti ina dawa ya kuzuia kutu pia, na kwa hedi ya aluminiamu kinga hiyo ina maana hapa kama ilivyo Ulaya.

Dalili nyingine mbili hupewa uzito kupita kiasi. Povu jeupe chini ya mfuniko wa oili huweza kuwa unyevu tu wa injini inayowashwa kwa safari fupifupi. Povu lenye maana ni lile linaloonekana kwenye kijiti cha kupimia oili huku maji yakipungua. Na mvuke mweupe kwenye ekzosi asubuhi ya baridi nyanda za juu ni jambo la kawaida, ilimradi ukatike injini ikishapata moto. Usipokatika, na una harufu tamu ya kulanti, hapo mashaka yana msingi.

Kipimo chenye nguvu kuliko vyote hivyo hakihitaji hata faranga. Injini ikiwa imelala usiku kucha, fungua mfuniko wa rejeta ili presha yoyote iliyobaki itoke, ufunge tena, uwashe, kisha shika hosipaipu ya juu. Katika nusu dakika ya mwanzo maji hayajapata joto la kuyafanya yatanuke. Hosi ikiwa ngumu mkononi wakati bado ni ya baridi, presha hiyo haikutokana na joto. Imetoka kwenye silinda. Baada ya hapo dawa ya buluu inathibitisha: hewa ya juu ya maji ya rejeta hupitishwa ndani ya kimiminika ambacho hugeuka manjano kikikutana na kaboni dayoksaidi ya mwako.

Kipimo cha kompresheni nacho kina mtego wake hapa kwetu. Hewa ya Bujumbura ina presha pungufu kwa karibu asilimia 9 kuliko ya usawa wa bahari, hivyo fundi anayelinganisha geji yake na namba ya kitabu anaweza kuihukumu injini nzima. Alinganishe silinda na silinda. Mbili zilizopakana zikiwa chini pamoja, na nyingine ziko sawa, gasketi kati yao ndiyo ya kutazamwa. Plagi moja iliyosafishika na kung'aa kuliko wenzake huonesha silinda inayoingiza maji.

Fundi atasema kufungua ndiko kunakomaliza ubishi. Hakumalizi. Bolti za hedi katika injini nyingi za sasa hutanuka zinapokazwa na huenda zisifae kutumiwa tena, na aliyefungua bure amenunua gasketi, oili na kulanti kwa tatizo la mfuniko. Isitoshe, gasketi mara nyingi huuawa na joto. Chanzo cha joto kisipotafutwa, mpya nayo itaungua. Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba vipimo hivi navyo hukosea, na ni kweli. Ufa mwembamba huweza kufunguka pale tu injini inapobeba mzigo ikiwa na moto mkali, na uvujaji kati ya oili na maji hauonekani kwenye dawa ya buluu kwa sababu hakuna gesi. Kwa hiyo jibu safi la injini iliyopoa halitoshi. Kipimo kirudiwe baada ya gari kupandishwa mlima. Pia jibu la manjano halitofautishi gasketi na hedi iliyopasuka, ndiyo maana hedi ikishatolewa lazima iwekewe rula ya chuma iliyonyooka na ipimwe kwa presha. Injini nyingi ndogo haziruhusu upindaji unaozidi sehemu 5 za mia za milimita, na jicho haliwezi kuuona.

Mwenye gari, usiruhusu bolti ya kwanza ilegezwe mpaka uwe umeshika hosi hiyo asubuhi kwa mkono wako, umeona mfuniko umepimwa, na umeoneshwa rangi ya dawa.