Kutoka Filamu hadi Riwaya: Mwandishi Huongeza Nini?

Mwalimu mwenzangu, bila shaka umewahi kumsikia mwanafunzi akijitetea hivi: "Mwalimu, kitabu sijakimaliza, lakini mchezo wake nimeutazama kwenye video." Aghalabu sisi humkemea bila kumweleza anachokikosa. Makala hii inajaribu kumjibu kwa mfano wenye mkondo wa kinyume, yaani filamu iliyotungiwa riwaya.

Filamu hiyo ni Fantastic Voyage, iliyotolewa Marekani mwaka wa 1966 chini ya uongozi wa Richard Fleischer. Mwanasayansi Benes ana donge la damu ubongoni. Nyambizi iitwayo Proteus, pamoja na watu 5 waliomo, inapunguzwa hadi isionekane kwa macho, kisha inadungwa mshipani mwake ili wakaliondoe donge hilo. Wana dakika 60 pekee. Zikiisha, kila kilichopunguzwa kitarudia ukubwa wake. Taharuki yote imejengwa juu ya sharti hili.

Isaac Asimov, mtaalamu wa biokemia, aliombwa auandike mswada wa filamu upya kama riwaya. Papo hapo aligundua ufa katika msuko. Karibu na mwisho, msaliti Michaels ananaswa ndani ya nyambizi, na chembe nyeupe ya damu inaimeza nyambizi hiyo pamoja naye. Wenzake 4 wanatokea jichoni, na filamu inaishia kwa ushindi. Je, nyambizi? Kumezwa si kutoweka. Vyuma vile vingefura na kumuua mgonjwa yule yule aliyeokolewa! Bintiye Asimov, mwenye umri wa miaka 11 wakati huo, aliuliza swali hilo alipoitazama filamu.

Katika riwaya, mhusika mkuu, Grant, anaivuta chembe iliyoimeza nyambizi iwafuate hadi jichoni, ili vyote vitoke pamoja. Badiliko ni dogo, lakini litazame kwa makini. Kwanza, sharti la dakika 60 linaheshimiwa hadi mwisho, na msuko unapata mantiki. Pili, uhusika wa Grant unakomaa: anahiari kukaa karibu na hatari badala ya kuikimbia tu. Tatu, taharuki inarefuka.

Mandhari nayo yananufaika. Filamu ilituzwa Oscar 2, moja ikiwa ya mbinu maalum za picha, na ilistahili. Hata hivyo, kamera huonyesha tu kwamba chombo kinapita. Riwaya inaeleza kwa nini kinatikisika: kwa udogo wake, molekuli zinakigonga kutoka kila upande. Msomaji anaelewa maana ya kuwa mdogo kiasi hicho.

Tusimsifu Asimov kupita kiasi. Mara nyingine wahusika wake huhutubiana kama walimu wa biolojia, na mwendo wa hadithi unazorota. Mahali ambapo picha moja ingetosha, yeye hutoa somo zima.

Kwako mtahiniwa, kuna mafunzo mawili. Kwanza, usikisie chanzo kwa kutazama kilichotangulia sokoni. Riwaya hii ilichapishwa kabla ya filamu kuonyeshwa, na wengi wakadhani kitabu ndicho kilichoizaa filamu. Pili, unapotakiwa kulinganisha kazi mbili, usiorodheshe tofauti kama bidhaa za duka. Taja tofauti, kisha ueleze inafanyia nini msuko, wahusika au dhamira. Hapo ndipo alama zilipo.

Na kwako mwalimu, yule anayetazama mchezo badala ya kusoma, usimfukuze. Mwulize: "Ni swali gani ambalo mchezo haukulijibu?" Akilipata, mpe kitabu akatafute jibu.

Swali la mazoezi: "Mwandishi anayetunga riwaya kutokana na filamu ni mhakiki wa kwanza wa filamu hiyo." Jadili.