Kima cha Chini si Ndogo Kuliko Zote: Uhakiki wa Tafsiri ya MIN katika Ufundishaji wa BASIC ya Maikrokontrola kwa Kiswahili

Sehemu hii inahakiki neno moja la lugha ya programu, yaani MIN, pamoja na tafsiri yake iliyozoeleka, kima cha chini. Hoja inayotetewa ni kwamba tafsiri hiyo ni sahihi pale ambapo haitarajiwi kuwa sahihi, na inapotosha pale ambapo huaminiwa bila kuhojiwa. Athari yake haikomei kwenye ufasaha. Huingia ndani ya programu na kuzaa jibu lisilo la kweli, na mashine haitoi onyo lolote.

Tuchukue kisa cha kubuni lakini cha kawaida. Mfugaji wa Majengo, mjini Dodoma, analea vifaranga katika bruda inayopashwa joto kwa jiko la mkaa. Usiku wa Juni na Julai katika nyanda za kati huwa wa baridi, na kifaranga wa wiki ya kwanza huhitaji joto la nyuzi 32 hadi 35 hivi. Kijana wa nyumba hiyo ameunganisha kipimajoto na maikrokontrola ya PICAXE, ambayo huandikiwa programu kwa BASIC, na kila saa kipimo kimoja huhifadhiwa katika safu. Tuseme saa nane za usiku mmoja zimeacha vipimo hivi: 33, 34, 32, 30, 27, 24, 26, 29. Kulipokucha, mfugaji ana swali moja tu: joto lilishuka hadi ngapi?

Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba MIN ni kima cha chini, na kwamba kima cha chini ndiyo thamani iliyo ndogo kabisa, ataandika hivi:

bptr = 28
ndogo = @bptrinc
for i = 2 to 8
  ndogo = ndogo min @bptrinc
next i

Jibu litakalotoka ni 34. Laiti ingetoka namba ya ajabu, mfugaji angeshuku. Lakini 34 imo ndani ya mipaka inayofaa, kwa hiyo itamfariji. Ataamini kwamba bruda haikuwahi kupoa, ilhali saa ya sita joto lilikuwa 24 na vifaranga walikuwa wamelundikana pembeni wakitafuta joto la wenzao.

Chanzo ni kwamba katika BASIC ya PICAXE, kama ilivyo katika PBASIC ya BASIC Stamp ambayo kampuni ya Parallax ilianza kuiuza mwaka 1992, MIN haichagui namba iliyo ndogo. Kazi yake ni kuweka mpaka. Namba iliyo kushoto hairuhusiwi kushuka chini ya namba iliyo kulia. Ikiwa chini yake, hupandishwa hadi hapo. Kwa hiyo kati ya 33 na 34 hubaki 34, na kati ya 34 na 24 hubaki 34 vilevile. Anayetaka iliyo ndogo kwa njia hii hana budi kuandika MAX, kwa kuwa MAX huweka dari na kuishusha kila namba inayoizidi. Jambo hili huwashangaza hata wanaosoma kwa Kiingereza, maana katika MMBasic, ambayo nayo ni BASIC ya maikrokontrola, MIN ni kitendakazi kinachorudisha iliyo ndogo miongoni mwa namba kilizopewa. Neno ni lilelile, nazo dhana ni mbili.

Hapa ndipo Kiswahili kinapokuwa na cha kusema. Kwa Mtanzania wa kawaida, kima cha chini ni msamiati wa mshahara. Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023 kwa sekta binafsi, haikupatikana kwa kupekua orodha ya mishahara ili kuona nani analipwa kidogo zaidi. Kima kiliwekwa, na mwajiri aliyelipa pungufu alitakiwa kupandisha malipo hadi kukifikia. Hivyo ndivyo MIN ya PICAXE inavyofanya kazi, hatua kwa hatua. Kama tungeandika mshahara min kima, mfanyakazi yeyote angeielewa amri hiyo bila mwalimu. Tafsiri ya kima cha chini, basi, inaifaa MIN ya aina hii kuliko hata neno la Kiingereza lenyewe. Kosa ni kuihamishia kwenye kazi ya kutafuta.

Kwa kazi ya kutafuta, lugha ina njia nyingine. Kivumishi cha Kiswahili hakina umbo la pekee la kuonesha upeo wa sifa. Tunasema ndogo kuliko zote, na katika kusema hivyo tunataja ulinganishi wenyewe: kuna moja, kuna nyingine zote, na hiyo moja imepimwa dhidi ya kila nyingine. Huo ndio utaratibu ambao programu inatakiwa kuufuata. Anayetafuta vitunguu katika Soko la Majengo huufuata bila kufundishwa. Huuliza kwenye meza ya kwanza na kuibeba bei ile kichwani. Kwenye meza ya pili hulinganisha. Akitajiwa bei pungufu huiacha ya kwanza na kubeba mpya, la sivyo hupita. Haingii sokoni akiwa ameshika bei ya shilingi sifuri.

Maelezo hayo ya sifuri si mzaha. Aliyezoea kufikiri kwamba kima huwekwa kabla, huanza programu yake kwa ndogo = 0. Baiti ya PICAXE hubeba namba kuanzia 0 hadi 255, wala haina namba hasi, kwa hiyo hakuna kipimo kitakachokuwa chini ya sifuri na jibu litabaki 0 usiku hata usiku. Wengine huanza na 255. Hilo hufanya kazi kwenye baiti, lakini programu ikihamishiwa kwenye vigeu vikubwa vinavyofika 65535, na vipimo vyote vikawa juu ya 255, kosa hurudi. Salama ni kuanza na kipimo cha kwanza, kama mnunuzi wa vitunguu. Tukichukulia kwamba ndogo, nafasi na i ni vigeu vya baiti vilivyokwisha kutajwa, programu inakuwa hivi:

bptr = 28
ndogo = @bptrinc
nafasi = 1
for i = 2 to 8
  if @bptr < ndogo then
    ndogo = @bptr
    nafasi = i
  endif
  bptr = bptr + 1
next i

Sasa ndogo ni 24 na nafasi ni 6. Ni ndefu kuliko ile ya MAX, lakini ile haiwezi kusema ni saa ngapi jiko lilififia, na mfugaji atataka kujua.

Zipo pingamizi mbili zenye uzito. Ya kwanza ni kwamba taarifa za hali ya hewa hutaja kiwango cha chini cha joto kwa maana ya kipimo kilichopatikana, si mpaka uliowekwa. Kwa hiyo matumizi yamekwisha kuchanganyika. Ni kweli, na msikilizaji wa redio hapati hasara. Mwandishi wa programu huipata, na istilahi za taaluma hutungwa kwa ajili yake. Ya pili ni ya kisarufi: ndogo kuliko zote hubadilika kwa upatanisho (bei ndogo kuliko zote, kipimo kidogo kuliko vyote), na waunda istilahi hupendelea nomino isiyobadilika. Mtafiti anaona kwamba usumbufu huo una faida darasani, kwa kuwa humlazimu mwalimu kutaja kinacholinganishwa. Panapohitajika umbo moja la kamusi, thamani ndogo kuliko zote linatosha.

Hata hivyo, umbo hilo nalo lina ufa. Ikiwa saa ya sita na ya saba zote zilikuwa 24, hakuna iliyo ndogo kuliko zote kwa maana kamili ya maneno, kwa sababu kila moja inalingana na mwenzake. Programu lazima iamue. Kwa alama ya < hubaki ya kwanza, kwa <= hubaki ya mwisho. Mfugaji anayetaka kujua jiko lilipungua nguvu saa ngapi anaihitaji ya kwanza; anayetaka kujua baridi iliendelea hadi saa ngapi ataandika <=.